Alama 4 Kati ya 20: Kisa cha Mwanafunzi Kiziwi katika Darasa la Michoro Mjongeo

Kisa kinachochambuliwa hapa kilianza na karatasi ya matokeo. Katika wiki ya 6 ya kozi ya wiki 16 ya usanifu wa michoro mjongeo, fani ambayo wengi wanaoifanya huiita moshoni grafiki, wanafunzi 14 walirudishiwa zoezi lao kubwa la kwanza. Lilikuwa filamu fupi ya sekunde 30, isiyo na waigizaji, iliyojengwa kwa maumbo, herufi na rangi, na kusindikizwa na muziki ambao wote walipewa uleule. Kigezo kimoja kati ya vitano vya usahihishaji kilisomeka "uwiano wa mwendo na muziki", nacho kilibeba alama 20 kati ya 100. Mwanafunzi mmoja, binti aliyezaliwa kiziwi na ambaye lugha yake ya kwanza ni lugha ya alama, alipata 4 katika kigezo hicho, ilhali katika vinne vilivyobaki alikuwa miongoni mwa watatu wa juu darasani.

Nilikuwa mmoja wa wakufunzi wawili wa kozi hiyo, na ile 4 niliiandika kwa mkono wangu. Nalitaja hilo mapema ili msomaji ajue kwamba uchambuzi huu haufanywi na mtu aliyekuwa pembeni. Kiswahili kinalipa neno alama maana mbili zinazokutana katika kisa hiki, yaani tarakimu anayoandikiwa mwanafunzi na ishara ya mkono inayobeba neno, na kwa wiki kadhaa mgogoro wetu wote ulihusu namna ya kwanza ilivyoshindwa kuitambua ya pili.

Yafaa kueleza kwanza kile ambacho hakikukosekana. Mwanafunzi huyu alikuwa na kompyuta yenye nguvu za kutosha. Programu tuliyoitumia, Blender, haina ada ya leseni, kwa kuwa msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2002 baada ya watumiaji kuchangishana euro 100,000 ili kuukomboa kutoka kwa wenye hisa. Chuo kilikuwa kimeajiri mkalimani wa lugha ya alama kwa saa zote za darasa. Wanafunzi wenzake walimpokea vizuri, na wawili kati yao walikwisha kujifunza alama za kawaida za salamu na mazungumzo mafupi. Mtu anayekagua ujumuishi kwa kuhesabu vitu vilivyotolewa angeondoka ameridhika, na sisi wenyewe tulikuwa tumeridhika, hadi karatasi ile ilipotoka.

Kikao cha wakufunzi kilichofuata kilijadili mapendekezo matatu. La kwanza lilikuwa kumsamehe kigezo cha muziki na kumkokotolea matokeo kwa alama 80 zilizobaki. La pili lilikuwa kumpa wastani wa vigezo vyake vingine. La tatu, lililotolewa kwa upole lakini bila kuyumba, lilikuwa kuiacha alama ilivyo, kwa hoja kwamba soko la kazi halimsamehi mtu na kwamba kumficha ukweli kungekuwa kumdhulumu. Mapendekezo yote matatu yalikubaliana katika jambo moja ambalo hakuna aliyelitamka: kwamba tatizo lilikuwa katika masikio ya mwanafunzi, na lililobaki ni kuamua tu kama lihesabiwe au lisihesabiwe.

Tulipomweleza pendekezo la msamaha, ambalo ndilo lililokuwa linaelekea kupita, alilikataa kupitia mkalimani kwa sentensi mbili. "Mwalimu, sikuomba kusamehewa. Naomba unionyeshe kosa langu liko kwenye fremu ipi."

Swali hilo lilikuwa la kitaalamu kabisa, na sikuwa na jibu lake. Nilikuwa nimesahihisha kwa sikio: niliitazama filamu mara mbili, nikasikia kwamba mwendo na muziki havikutani, nikaandika 4. Ikanibidi nirudi kwenye kazi yake na kuipitia fremu moja baada ya nyingine, yaani picha moja moja zinazoiunda filamu, huku mchoro wa mawimbi ya sauti ukiwa wazi chini yake, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kushika kalamu.

Nilichokikuta ni hiki. Muhtasari wa kazi, yaani maelekezo ya zoezi waliyopewa wanafunzi, ulieleza kwamba muziki una kasi ya mapigo 100 kwa dakika na kwamba filamu itaendeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde. Mwanafunzi alikuwa amefanya hesabu ambayo sidhani kama kuna mwenzake aliyeifanya: sekunde 60 ukizigawa kwa mapigo 100 unapata sekunde 0.6 kwa kila pigo, na sekunde 0.6 ukizizidisha kwa fremu 25 unapata fremu 15 kamili. Kila tukio zito katika filamu yake, iwe duara kugonga ukingo au herufi kutua mahali pake, lilikuja baada ya fremu 15 au maradufu yake, bila kukosea hata mara moja kwa sekunde zote 30. Kwa uthabiti wa mapigo, filamu yake ilikuwa sahihi kuliko zote. Muziki, hata hivyo, haukuanza na pigo. Ulitanguliwa na pumzi ndogo ya kimya ya fremu 7, sawa na sekunde 0.28, ndipo pigo la kwanza likaanguka. Yeye aliihesabu fremu ya kwanza ya faili kuwa ndiyo pigo la kwanza, na hivyo filamu nzima ikatangulia muziki kwa fremu 7. Bahati mbaya ni kwamba 7 inakaribia sana kuwa nusu ya 15, kwa hiyo kila pigo la mwendo liliangukia karibu katikati ya mapigo mawili ya muziki, mahali ambapo sikio husikia mkanganyiko kuliko pengine popote. Kosa lilikuwa moja, tena la tarakimu moja, nalo lilijirudia mara 50.

Wanafunzi 13 waliosalia hawakuwa na haja ya kuijua tarakimu hiyo. Waliisikia. Taarifa muhimu kuliko zote katika zoezi ilikuwa imewekwa mahali panapofikika kwa sikio tu, kisha tukamtahini mtu asiyesikia kama ameipata. Alipoelezwa, aliteua matabaka yote ya kazi yake, akayasogeza mbele kwa fremu 7, akanirudishia faili kabla sijamaliza kukunja karatasi zangu. Mkufunzi mwenzangu aliisahihisha upya bila kujua ni toleo la nani, akaipa 17.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kulihesabu jambo kuwa uzembe wa muhtasari mbaya. Lakini tulipouliza ni vipi pumzi ile ya fremu 7 haikumfikia, tulilazimika kuangalia namna tunavyofundisha, na huko ndiko kisa kinakoanza kuwa na uzito. Katika kipindi cha utangulizi nilikuwa nimeuchezesha muziki na kusema, "Mtasikia pale pigo la kwanza linapoingia, anzieni hapo." Mkalimani aliitafsiri sentensi hiyo kwa usahihi wote. Mwanafunzi akapokea, kwa lugha yake mwenyewe na bila kupotezewa neno, maelekezo yasiyo na faida yoyote kwake. Mkalimani hufikisha kilichosemwa, na hana wajibu wala uwezo wa kufikisha kile ambacho mwalimu amekiacha kisemwe na spika.

Kulikuwa na kasoro nyingine kubwa zaidi ambayo ilikuwa ikitokea kila siku bila kuonekana. Programu za michoro mjongeo hufundishwa kwa maonyesho: mkufunzi anakaa mbele, skrini yake inatupwa ukutani, mkono wake unaendesha kipanya huku mdomo wake ukieleza. Anayesikia hupokea mambo mawili kwa milango miwili, macho yakiwa ukutani na masikio yakiwa kwa mwalimu. Kiziwi anapokea yote mawili kwa mlango mmoja. Akimtazama mkalimani, haoni kitufe kilichobofywa, na akiitazama skrini, hajui kwa nini kimebofywa. Isitoshe, tafsiri huja nyuma ya maneno kwa sekunde chache, na katika sekunde hizo mimi nilikuwa nimekwisha kufungua dirisha jingine. Mwanafunzi huyu alikuwa ameishi wiki 5 akichagua, mara mamia kwa kila kipindi, kati ya kuona tendo na kuelewa sababu yake. Jioni alikuwa akirudi kwenye mashine na kuunganisha vipande, saa ambazo mkalimani hayupo, kwa kuwa mkataba wake ulilipia saa za darasa tu.

Mabadiliko tuliyoyafanya hayakuhitaji kifaa. Tulikubaliana kwamba mkono wa mkufunzi unapotembea, mdomo wake unafungwa. Kwanza kitendo chote kinaonyeshwa kimyakimya, vitufe vilivyobonyezwa vikiandikwa vyenyewe kwenye kona ya skrini. Kisha mkono unaachia kipanya, mkufunzi anawageukia wanafunzi, anaeleza alichokifanya na kwa nini, na mkalimani akiwa amesimama kando ya skrini badala ya upande wa pili wa chumba. Halafu kitendo kinarudiwa. Kipindi changu cha kwanza kwa mtindo huo kilikuwa aibu tupu. Nilibaini kwamba muda mwingi nilikuwa nikizungumza ili kujaza ukimya, na kwamba maelezo yangu ya "sasa tunakuja hapa, tunavuta hii, halafu hivi" hayakuwa na nomino hata moja ambayo mtu angeweza kuishika. Onyesho lililokuwa likichukua dakika 10 sasa lilichukua 17 au zaidi, na tulilazimika kuondoa mada mbili kwenye ratiba. Hilo ni gharama halisi na sioni sababu ya kulificha. Maswali ya "umebofya wapi?" kutoka kwa wanafunzi wote, hata hivyo, yalipungua kiasi cha kuonekana, na mada tulizoziondoa zilikuwa za madoido ambayo mtu anaweza kujifunza peke yake akiyahitaji.

Ugumu uliofuata ulikuwa wa istilahi. Fremu kuu, yaani zile ambazo msanifu huziweka mwenyewe ili programu ijaze zilizo katikati, hazikuwa na alama ambayo mkalimani na mwanafunzi waliifahamu kwa pamoja, wala grafu ya kasi haikuwa nayo, wala ule ulainishaji wa mwanzo na mwisho wa mwendo. Mkalimani alikuwa akitaja kila istilahi kwa herufi za vidole, moja baada ya nyingine, na sentensi yenye istilahi tatu ilikuwa inamchosha kabla haijamaliza. Mwanafunzi ndiye aliyependekeza alama za muda na kuziandikia orodha, akisisitiza kwamba ni za darasa hili tu hadi viziwi wengine walio kwenye fani waziridhie, kwa kuwa lugha yao haitungwi na chumba kimoja chenye kiziwi mmoja. Nilivutiwa zaidi na alama aliyoipendekeza kwa ajili ya ulainishaji. Kiganja kilichokunjuliwa kilianza kusogea polepole mbele ya kifua, kikashika kasi, kikapungua na kutua. Alama yenyewe ilikuwa imelainishwa, na hivyo ilifanya kile ilichokitaja. Katika miaka yangu ya kufundisha dhana hiyo kwa maneno na grafu, sikuwahi kuwa na maelezo mafupi na kamili kama hayo.

Hapo ndipo mjadala wetu ulipogeuka. Mwaka 1960 mwanaisimu William Stokoe, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha viziwi cha Gallaudet nchini Marekani, alionyesha kwamba alama za lugha ya alama ya Marekani si picha za kuigiza, bali hujengwa kwa vipashio vidogo kama maneno yanavyojengwa kwa sauti, na vipashio alivyovibainisha ni umbo la mkono, mahali mkono ulipo na mwendo wake. Mwendo, kwa maneno mengine, unaweza kutenganisha neno na neno. Mtu aliyekulia katika lugha ya namna hiyo amezoea tangu utotoni kwamba mkono uleule, mahali palepale, ukienda kwa mwendo mwingine unasema jambo jingine. Katika darasa letu msomi wa namna hiyo alikuwa amekaa wiki 5 akihesabiwa kama mwenye upungufu, kwenye fani ambayo somo lake kuu ni maana ya mwendo.

Sidai kwamba kila kiziwi ana jicho la msanifu, maana dai la namna hiyo ni ubaguzi uliovaa nguo nzuri, na liko karibu sana na ile imani kwamba kila kipofu ni mwanamuziki. Ninachosema ni cha mtu huyu mmoja na darasa hili moja. Katika zoezi la mipira miwili, ambapo mipira hutoka na kufika pamoja lakini ikitofautiana namna inavyoongeza na kupunguza kasi njiani, wengi waliandika kwamba mmoja ni "laini" na mwingine ni "mgumu". Yeye aliandika kwamba wa kwanza unaenda mahali unapopajua na wa pili umesukumwa. Nimeitumia sentensi hiyo katika kila darasa tangu wakati huo, na kila ninapoitumia nasema imetoka kwa nani, bila kumtaja jina, kama alivyoomba.

Historia ya fani nayo haikuwa upande wa kigezo chetu. Zile kanuni 12 za uhuishaji zilizokusanywa na Frank Thomas na Ollie Johnston wa studio ya Disney na kuchapishwa mwaka 1981, ambazo ndizo msingi wa karibu kila mtaala wa michoro mjongeo, zinazungumzia kuminyika na kurefuka kwa umbo, maandalizi ya tendo, mkondo wa tao, upangaji wa muda na mengineyo, lakini hakuna hata moja inayohusu sauti. Oskar Fischinger, aliyetumia maisha yake kuunda filamu za maumbo yanayocheza kama muziki, mwaka 1942 alitengeneza moja ambayo kwa makusudi haina sauti, akitaka mdundo uonekane kwa macho peke yake. Mhuishaji Norman McLaren alikwenda njia ya kinyume, akichora sauti moja kwa moja kwenye ukanda wa filamu, ili kilichosikika kiwe kimeanza kama mchoro. Kwa watu hao, kuigeuza sauti iwe kitu cha kuonekana lilikuwa jambo la kawaida. Sisi, wenye programu inayoweza kuchora mawimbi ya sauti kwa mibofyo miwili, tulikuwa tumeliacha jambo hilo kwa masikio kwa sababu tu masikio yalikuwepo.

Kigezo kiliandikwa upya. Sasa kila muhtasari wa kazi wenye muziki unaambatana na jedwali linalotaja fremu ya pigo la kwanza, idadi ya fremu kati ya pigo na pigo, fremu ambamo muziki unapanda, unashuka au unanyamaza, na maneno machache kuhusu hali yake. Msahihishaji anaitazama kazi kwanza bila sauti, kisha nayo, na akitoa alama pungufu lazima ataje fremu. Sharti hilo la mwisho lilitokana moja kwa moja na swali la mwanafunzi, na nadhani ndilo lenye thamani kubwa zaidi, kwa kuwa linamlinda mwanafunzi yeyote dhidi ya msahihishaji anayeandika kile alichokihisi.

Mkufunzi mwenzangu alitoa pingamizi ambalo sina budi kulieleza kwa haki, kwa kuwa bado sijalipatia jibu kamili. Alisema jedwali linaweza kusema kwamba sekunde ya 18 muziki "unalegea", lakini haliwezi kusema unalegea vipi, kama mtu aliyechoka au kama mtu aliyefarijika, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua rangi na kasi ya mwendo. Ni kweli. Mwanafunzi mwenyewe alikiri kwamba jedwali lilimpa saa lakini halikumpa hali ya hewa. Njia aliyoitumia ilikuwa kumwomba mwenzake anayesikia acheze muziki ule kwa mikono, bila maneno, huku yeye akitazama, kisha akamwomba mwingine afanye vilevile, akalinganisha. Wawili hao hawakuafikiana kuhusu sekunde ya 18. Jambo hilo lilimfurahisha sana, na lilimfundisha mkufunzi mwenzangu kwamba hata wanaosikia hawakuwa wamesikia kitu kimoja.

Mpaka hapa uchambuzi umemwangalia mwanafunzi kama mpokeaji wa marekebisho. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika 2008, hauishii hapo. Ibara ya 24 inahusu elimu jumuishi, na kwa viziwi inataja waziwazi kujifunza lugha ya alama na kukuza utambulisho wa kilugha wa jamii yao, jambo ambalo lina uzito wake tukikumbuka kwamba mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliazimia lugha hiyo iondolewe madarasani. Ibara ya 30 inakwenda mbele zaidi: inataka watu wenye ulemavu wapate nafasi ya kukuza vipaji vyao vya ubunifu na sanaa, kwa faida yao wenyewe na pia kwa kuitajirisha jamii. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ilitimia darasani kwetu kwa namna ambayo hatukuipanga.

Katika vipindi vya kukosoana kazi, mwanafunzi huyu aligundua kwamba hawezi kutoa maoni kuhusu filamu nyingi za wenzake, kwa kuwa zilikuwa na msimulizi asiyeonekana na hazikuwa na manukuu. Mkalimani angeweza kuzitafsiri, lakini wakati huo macho yake yangekuwa kwa mkalimani badala ya kwenye filamu anayotakiwa kuikosoa. Alisimama akasema kwamba kazi ambayo hawezi kuitazama hawezi kuikosoa, na kwamba duniani wapo wengi wa namna yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upotevu wa usikivu wa kiwango kinachohitaji huduma. Kuanzia wiki iliyofuata hakuna filamu iliyopokelewa bila manukuu, na manukuu hayo yalisahihishwa kama sehemu ya usanifu: ukubwa wake, mahali pake, muda wa kuyasoma, na kama yanagombana na herufi nyingine zinazotembea.

Mlango ukishafunguliwa haukai na mgeni mmoja. Mwanafunzi mwingine alieleza, kwa mara ya kwanza, kwamba hatofautishi nyekundu na kijani vizuri na kwamba alikuwa akikisia rangi za fremu kuu kwenye grafu. Ikatubidi tuingize kwenye kozi sehemu ya mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, unaojulikana kwa kifupi WCAG, inayomhusu msanifu wa mwendo: tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1, kitu kisimulike zaidi ya mara 3 kwa sekunde moja, na mwendo unaoanza wenyewe na kudumu zaidi ya sekunde 5 kando ya maudhui mengine uwe na njia ya kusimamishwa. Sharti la mmuliko lilionekana kwao kama urasimu mpaka waliposimuliwa kuhusu Desemba 16, 1997, pale kipindi kimoja cha katuni za Pokémon nchini Japani kilipomulika nyekundu na buluu kwa kupokezana mara 12 hivi kwa sekunde, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitalini. Msanifu anayeamua urefu wa mmuliko anaamua pia nani ataweza kuitazama kazi yake salama.

Nje ya darasa matokeo yalikuwa hafifu zaidi. Mwanafunzi alimaliza kozi akiwa na kazi 4 nzuri za kuonyesha, mojawapo ikiwa filamu isiyo na sauti kabisa ambayo wenzake waliichagua ifungue onyesho la mwisho. Studio ya kwanza aliyoomba kufanya mazoezi ilimjibu kwamba kazi zake ni bora, ila wao hupeana maelekezo kwa simu na kwa vikao vya haraka vya mdomo, na hawaoni itakavyowezekana. Ni ile ile "mtasikia pale pigo la kwanza linapoingia", safari hii ikiwa na mkataba wa ajira ndani yake. Studio ya pili ilimpokea kwa sharti lake yeye, kwamba kila agizo liandikwe na kila marekebisho yataje fremu. Niliambiwa na msimamizi wake kwamba sharti hilo limebaki hata kwa wafanyakazi wengine, kwa sababu limepunguza mabishano na wateja. Lakini studio moja kati ya mbili si ushahidi wa kuleta faraja. Chuo kinaweza kubadilisha muhtasari wake. Muhtasari wa mwajiri hakina mamlaka nao, na tulikuwa tumemwandaa mwanafunzi kwa muda mrefu kuliko tulivyowaandaa wale watakaompokea.

Hata ndani ya chuo, jambo moja limebaki palepale. Mkalimani bado analipwa kwa saa za darasa tu, ilhali fani hii hujifunzwa hasa katika saa za mazoezi, mtu akiwa na mashine, kosa lake na mwenzake wa kumuuliza. Tuliomba saa hizo ziongezwe, na tukajibiwa kwamba mwanafunzi alifaulu bila hizo.

Kundi jipya lina wanafunzi viziwi wawili. Uongozi umemwandikia mhitimu wetu ukimwalika aje afundishe vipindi vya grafu ya kasi, kwa lugha ya alama, mkalimani akiwatafsiria wanaosikia. Barua ya mwaliko ilisema hiyo itakuwa nafasi nzuri kwake kuwatia moyo wenzake, na haikutaja malipo. Amejibu kwa mistari mitatu: anashukuru, yuko tayari, na anaomba kujua mkufunzi hulipwa kiasi gani kwa kipindi. Ninapoandika haya, barua yake iko mezani wiki ya tatu ikisubiri jibu.